Nawaambia wanangu nipo mjini, kumbe nipo na kuku

Dada mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi hujambo.

Nina miaka 63. Naishi Luchelele, hapa Mwanza, kwenye nyumba iliyoegemea jabali. Sisemi kwa mfano, ukuta wa nyuma wa jiko langu ni jabali lenyewe, na fundi aliyejenga aliona hasara kuweka tofali mahali ambapo Mungu ameshaweka jiwe.

Mimi ni fundi mitambo mstaafu. Nilianza kazi melini mwaka 1988, nikatoka 2022 nilipofikisha miaka 60. Miaka 34 chini ya sitaha, kwenye chumba cha injini, ambako ukitaka kumwambia mwenzako kitu unamshika bega kwanza halafu unampigia ukelele sikioni. Sikio langu la kushoto lilibaki huko huko. Usiku tunavuka, alfajiri tupo Bukoba, mikungu ya ndizi inapakiwa, jioni injini zinawashwa tena. Nyumbani nilikuwa nakuja kama mgeni anayejua choo kilipo.

Mke wangu alifariki 2021, mwaka mmoja kabla sijastaafu. Aliniachia bustani, mitetea mitano na paka. Mbwa nimemleta mwenyewe, nikampa jina la Nahodha, kwa sababu manahodha wameniamuru miaka yote hiyo na mimi nimeona nimwamuru mmoja kabla sijafa. Hasikii amri hata moja. Paka naye ni Karani. Hukaa mlangoni na kukagua kila kinachoingia, mfuko wa dagaa, ndoo, mgeni, kama karani wa bandarini aliyepoteza kalamu.

Siku yangu ni hii, nikueleze uijue vizuri, maana ndiyo kesi yenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi nafungulia kuku. Wanashuka wote kwa fujo isipokuwa mmoja mweupe ambaye lazima asimame kwanza mlangoni atazame kulia na kushoto kama mtu anayevuka barabara ya Kenyatta. Nawatupia pumba na vumbi la dagaa ninalonunua Mwaloni, Kirumba. Halafu nashuka ziwani na ndoo mbili, naingia mpaka magotini ambako maji ni safi, napanda nazo, namwagilia mchicha, matembele, mgagani na nyanya, narudi tena, safari sita au saba. Udongo wa huku ni changarawe, jabali linamomonyoka na hicho ndicho tunacholimia, kwa hiyo maji hayakai. Mbolea ya kuku naiacha kwenye shimo miezi miwili mpaka iishe harufu. Mwaka wa kwanza niliiweka mbichi nikaunguza miche 40 ya nyanya kwa siku nne.

Jua likichomoza pimbi wanatoka kwenye nyufa za mawe kujianika. Mijusi nayo inatoka. Unamjua yule dume wa kwenye mawe yetu, kichwa chekundu, kiwiliwili cha buluu, anainuka na kushuka kwa mikono kama askari anayepewa adhabu. Nahodha anawabwekea pimbi mpaka anachoka. Miaka mitatu hajakamata hata mmoja. Mchana nasoma gazeti la juzi au nalala. Jioni nakaa nje na kuegemea jabali, na jabali linakuwa limebeba jua la kutwa nzima, mgongo unakandwa bila malipo. Naangalia mitumbwi ya dagaa ikitoka na taa zake. Kwa siku zisizo na mwezi taa zinakuwa nyingi mpaka unaweza kudhani kuna mji mwingine kule katikati ya maji.

Basi. Sina zaidi. Na nina raha, dada. Ndilo tatizo langu.

Kwa sababu hakuna anayeniamini. Shemeji yangu anasema mwanamume anayeshinda nyumbani akimwagilia mchicha ama ni mgonjwa ama amefanyiwa kitu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 amenishika koo ninunue Noah nipige ruti ya Sengerema. Namwambia hata vivuko vyenyewe vimepumzika, mimi nani. Mtoto wa mwisho anataka ning'oe bustani nijenge fremu nne za kupangisha. Binti yangu mkubwa, aliyezaliwa 1989, yupo Dar es Salaam na anataka nikaishi naye kwenye fleti ghorofa ya tatu. Watu wa jumuiya wamekuja mara mbili kuniombea, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama nalala vizuri. Nalala kama gogo.

Hapo katikati, sijui ilianzaje, nikaanza kudanganya. Wakipiga simu nasema nipo mjini nafuatilia mambo. Au nipo kwenye kikao cha wastaafu. Au nipo Igoma namwangalia fundi. Wanafurahi. Wanasema, safi baba, usikae.

Wiki tatu zilizopita kuku mweupe alikuwa ameatamia mayai kumi na moja. Siku ya 20 nililala kifudifudi kwenye banda, sikio langu zima karibu na kiota, kwa sababu siku ya 20 kifaranga analia akiwa bado ndani ya yai. Sikuwahi kujua jambo hilo maisha yangu yote. Unasikia sauti ndogo sana, na yai linatikisika, na mama yake anajibu kwa sauti ya kooni ambayo hamtolei mtu mwingine yeyote. Nilikuwa katika hali hiyo simu ikaita. Binti yangu. "Baba upo wapi?" Huyu hajawahi kuniuliza hujambo kwanza, tangu akiwa mtoto, yeye ni upo wapi. Nikasema nipo benki, foleni ndefu. Hapo hapo jogoo akawika, karibu kabisa na simu.

Kimya. Halafu: "Baba, benki gani ina jogoo?"

Nikasema kuna mama amekuja naye.

Hakucheka. Alikata simu, na tangu siku hiyo ananiandikia ujumbe tu. "Umekula." "Ndiyo." "Sawa."

Jambo la mwisho, nalo naliandika kwa aibu. Enzi za kazi nilikuwa nikirudi nyumbani namkuta mke wangu kwenye bustani hii hii, namuuliza, "Mama watoto, umeshinda ukifanya nini?" Siyo kwa ubaya. Lakini nilikuwa namaanisha hujafanya kitu. Yeye alikuwa anacheka tu. Sasa mimi ndiye nashinda, na kila jioni nalisikia lile swali.

Naomba uniambie ukweli. Je, mimi ni mvivu? Au kichwa kimeanza kulegea? Nijenge fremu? Niende Dar?

Fundi wa zamani, Luchelele

*

Kaka fundi,

Shikamoo. Nina miaka 58, kwa hiyo umenizidi, na ile hujambo yako nimeipokea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimsomea mume wangu kipande cha jogoo benki, akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mara ya tatu sikucheka.

Niyamalize mepesi kwanza. Wewe si mvivu. Mtu anayepanda mlima wa Luchelele na ndoo mbili mara saba kabla ya saa mbili asubuhi, tena ana miaka 63, neno mvivu tulitafutie mtu mwingine, na mimi nina majina. Na kichwa chako hakijalegea. Swali la watu wa jumuiya, kama unalala vizuri, si la kijinga na usiwachukie kwa kuuliza. Mtu aliyefiwa na mwenza, akastaafu mwaka unaofuata, akabaki peke yake nyumbani, ndiye hasa wa kuulizwa. Sonona huwa haiji na kilio siku zote. Mara nyingi huja na ubaridi: kilichokuwa kinakufurahisha hakikufurahishi, chakula kinakuwa kama karatasi, usingizi unakimbia au unazidi, huoni sababu ya kuamka, na hali inaendelea wiki mbili, tatu, mwezi. Ikifika hapo mtu anahitaji daktari, na maombi yaende naye. Lakini mtu mwenye ubaridi huo hajui kuku yupi huchelewa mlangoni. Halali kifudifudi kwenye kinyesi cha kuku ili asikie yai likilia. Siku ukiamka ukaona hata kuwafungulia ni kazi bure, siku hiyo niandikie tena, au bora zaidi, usiniandikie, nenda hospitali. Kwa sasa wape watu wa jumuiya mafungu mawili ya mchicha waende nayo. Hawatarudi kuuliza usingizi, watarudi kuuliza mchicha.

Sasa lile la mama watoto.

Nadhani unajua kwamba maneno ya shemeji yako yanakuuma kuliko yanavyostahili. Mtu anayesema ununue Noah, unamwambia hapana, mnaendelea kunywa chai. Wewe hukumwambia hapana, ulianza kutunga vikao. Kwa nini? Kwa sababu shemeji anasema kwa mdomo wake jambo ambalo wewe ulilisema zamani kwa mdomo wako, ukamwambia mtu ambaye hayupo tena umwombe radhi. Miaka 34 uliamini kwamba kazi ni ile yenye honi na mlio wa injini, na aliyebaki kwenye mawe akimwagilia alikuwa amekaa tu. Halafu ukastaafu, ukapewa siku zake zile zile, shimo lile lile la mbolea, paka yule yule, ukagundua kwamba hazikuwa tupu. Hapo lazima mtu aone aibu. Mimi ningeshangaa kama usingeona.

Lakini hebu tazama jambo moja uliloliandika na kulipita haraka. Ulipomuuliza, alikuwa anacheka. Umekaa naye miaka mingi, unajua kicheko chake cha kuumia na kicheko chake cha kawaida. Mimi sikumjua, ila mwanamke aliyekuwa na kuku wa aina hii na jabali la kuegemea jioni, mume akamuuliza ameshinda akifanya nini, huenda alikuwa anacheka kwa sababu jibu lilikuwa refu na wewe ulikuwa na sikio moja. Usilisikie lile swali kila jioni kama kesi. Lijibu. Mwambie ulichofanya leo, kwa sauti, hapo hapo kwenye jiwe. Sisi wengine tunazungumza na marehemu wetu tukikoroga ugali na hakuna aliyetupeleka popote.

Sasa nifike kwa binti yako, maana kwake ndiko barua yako ilikonikamata.

Umeandika kwamba alizaliwa 1989, na kwamba tangu akiwa mtoto hakuulizi hujambo, anauliza upo wapi. Umeyaandika kama tabia yake tu, kama mtu anayesema binti yangu hapendi bamia. Kaka, hesabu. Tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama asubuhi ikiwa karibu kabisa kufika hapa Mwanza, binti yako alikuwa na miaka saba hivi, na baba yake alikuwa mtu wa melini. Mimi nilikuwa na miaka 29, nikiishi Kirumba. Nakumbuka watu walivyokuwa wakiteremka kuelekea majini bila kujua wanakwenda kufanya nini. Kila nyumba iliyokuwa na mtu ziwani, au jirani mwenye mtu ziwani, ilikuwa inauliza swali moja tu. Haikuwa hujambo. Haikuwa amekula. Ilikuwa yupo wapi.

Hukuandika ulikuwa wapi siku hiyo, na mimi sikuulizi. Ulipona, unamwagilia mchicha. Lakini mtoto wa miaka saba alimwona mama yake siku ile, akaona majirani, na labda baadaye akapelekwa Igoma kwenye makaburi ya waliozama, kama watoto wengi wa Mwanza walivyopelekwa. Sijui alibeba nini. Ninachokiona ni kwamba leo ana miaka 36, ana fleti ghorofa ya tatu Dar es Salaam, na bado akipiga simu anataka kujua kitu kimoja kabla ya vyote. Nawe umempa jibu la uongo, kwa mzaha, na jogoo shahidi.

Ndiyo maana hakucheka. Mimi nimecheka kwa sababu baba yangu hakuwa fundi wa meli.

Watoto wengine uliowadanganya, yule wa fremu na hao wengine, utawarekebisha kwa muda wako, hawatakufa. Huyu usimpitishe leo. Usimwandikie ujumbe, mpigie, na umpigie ukiwa bandani, si ukiwa sebuleni umevaa shati. Usianze kwa kujieleza, wanaume mkianza kujieleza mnafika mpaka ukoloni. Sema hivi: "Mwanangu, ile siku sikuwa benki. Nilikuwa nimelala bandani nasikiliza mayai. Nipo nyumbani. Kila ulipopiga nilikuwa nyumbani." Halafu nyamaza umwache. Akilia, mwache alie. Akikugombeza, kubali, umestahili. Kisha kuanzia kesho, kabla hujashuka na ndoo, mtumie ujumbe wa sauti, sekunde kumi zinatosha, huhitaji hata kusema neno. Washa simu, mwache jogoo awike, tuma. Atajua upo wapi.

Kuhusu kuhamia Dar, jibu langu ni hapana, na nadhani hata yeye akijua unachofanya kutwa atakuwa wa kwanza kusema hapana. Alikuwa anamwita mtu aliyemdhania anahangaika huku na huko kwenye foleni peke yake. Hakuwa anamwita mtu mwenye Nahodha na Karani. Lakini mtembelee. Nenda wiki mbili, mwezi wa sita, ulale kwenye hiyo ghorofa, uonje lifti kama ipo. Sasa najua utakachosema: kuku je? Hapo ndipo nina neno na wewe. Katika barua ndefu namna hii, yenye jina la mbwa, jina la paka na tabia za kuku mmoja mmoja, sikuona jirani hata mmoja. Shemeji yupo, watu wa jumuiya wapo, lakini wote hao wamekuja kukusema au kukuombea. Hakuna anayekuja kuazima keni ya kumwagilia. Hakuna anayekuamkia mwangaluka juu ya uzio asubuhi. Labda yupo umemsahau tu kwenye kuandika, na kama yupo nisamehe. Kama hayupo, tafuta mmoja. Sikutumi ukajiunge na kikundi, nakujua hutaki. Mtu mmoja tu, bibi wa nyumba ya chini au kijana wa duka la kona, anayejua ufunguo wa banda unakaa wapi na kwamba mweupe huchelewa kutoka. Umpe mayai, akupe michembe. Siku ukiteleza na ndoo kwenye yale mawe, na mawe ya Luchelele yakilowa ni kama yamepakwa sabuni, nani atajua kabla ya saa sita mchana? Karani ataandika kwenye daftari gani?

Noah, hapana. Sina la kuongeza, una pensheni yako na sikio moja, abiria wa Sengerema watakupigia "shusha" mpaka mfike Geita.

Fremu. Hapa simama kidogo, maana kijana wako hajakosea kufikiria kipato, amekosea mahali. Umeandika kwamba unashuka ziwani na ndoo mara saba asubuhi, kwa hiyo bustani haipo mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kabla mtu hajakuletea lori la mawe na fundi, chukua kamba mpime, wewe na huyo mtoto, kisha mwende ofisi ya mtaa mkaulize. Ikiwa eneo lote limo ndani ya hizo mita, fremu zimejifia zenyewe na huna haja ya kugombana na mtoto. Uliza na kuhusu bustani, maana hata matuta yaliyoshuka mpaka majini yanapeleka udongo na mbolea ziwani, na pengine itabidi uyavute juu na kuacha majani na miti pale chini. Bora uyavute mwenyewe taratibu kuliko kuambiwa na mtu mwenye karatasi.

Ngoja, kuna kitu nilitaka kukisema tangu nilipofika kwenye ndoo, nikajizuia nisivunje mtiririko. Unaingia ziwani mpaka magotini kila siku, asubuhi, miaka mitatu. Kaka, kichocho! Wewe mtu wa ziwa unajua, lakini watu wa melini mlikuwa juu ya maji, hamkuwa ndani yake. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono wadogo wa ukingoni, vinapenya ngozi bila kukuchoma wala kukuwasha sana, na unaweza kukaa navyo miaka ukidhani ni uzee tu unaokuchosha. Nenda kituo cha afya wapime choo chako, dawa zipo na si za kuogopesha. Kisha nunua gambuti zinazofika magotini, na mikono usiitumbukize ovyo. Hata gambuti maji yakiingia kwa juu hazina maana, kwa hiyo uteke ukiwa umesimama kwenye jiwe kuliko kwenye tope. Ukiweza, weka pipa kule juu, uyaache maji yakae siku mbili kabla ya kuyagusa, vile vijidudu havivumilii muda huo bila kupata mtu. Mwambie huyo mtoto wa fremu: badala ya tofali anunue pipa mbili na mpira. Atakuwa amewekeza.

Na Nahodha, amechanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu? Mbwa anayebishana na pimbi kutwa, na mbwa wa mtaani wanapita, hiyo si chanjo ya kuahirisha. Kila mwaka. Kuku nao, kama hujaanza, watie tone la chanjo ya kideri jichoni kila baada ya miezi mitatu, mnunue kichupa kimoja na majirani wawili au watatu kwa sababu kina dozi nyingi na kikishafunguliwa hakihifadhiki. Unaona? Hata chanjo inadai jirani.

Shemeji nimemwacha makusudi. Akija tena na habari za kufanyiwa kitu, mkaribishe nyuma kwenye jabali, saa kumi na moja na nusu jioni, mweke aegemee, usimwambie neno. Ukiona amenyamaza zaidi ya dakika tano, mletee chai.

Nimeulizwa na mume wangu swali ambalo hata mimi nimelitafuta kwenye barua yako sikuliona. Ulisimulia mayai kumi na moja, siku ya 20, simu, jogoo, benki. Halafu ukaenda kwenye huzuni. Wametoka wangapi?